Kuteleza si Kuanguka: Neno kwa Waliokosa Daraja Moja



Kila mwaka, Alhamisi moja katikati ya mwezi wa Agosti, maelfu ya vijana wa Uingereza huamka mapema kutazama matokeo yao ya mitihani ya A-Level. Wapo wanaoshangilia. Wapo wanaolia kwa sababu wameshindwa kabisa. Lakini lipo kundi la tatu, ambalo halizungumzwi sana: vijana waliofaulu, tena vizuri, ila wamekosa daraja moja tu kati ya yale waliyoagizwa na chuo kikuu. Waliambiwa walete A, A na B. Wameleta A, B na B. Hawakuanguka, wala hawakufika. Juma hili ningependa tuwatafakari hao, pamoja na wazazi wao, kwa maana naona kwamba mara nyingi jeraha linaloachwa na siku ile halitokani na daraja lililokosekana. Linatokana na maneno yanayosemwa nyumbani baada yake.

Kwanza tuelewe jinsi mambo yanavyokwenda. Nchini Uingereza kijana huomba chuo kabla ya kufanya mtihani wake wa mwisho. Maombi hupitia chombo kimoja kiitwacho UCAS, kilichoundwa mwaka 1993, na mwombaji huruhusiwa kuchagua kozi zisizozidi 5. Walimu wake huandika makadirio ya madaraja wanayodhani atapata. Chuo kikiridhika humpa nafasi, lakini nafasi yenye masharti: ukipata madaraja haya, utapokelewa. Kijana akishapata majibu hushika nafasi mbili, moja ya kwanza, ile ambayo moyo wake umeitamani, na nyingine ya akiba, ambayo kwa kawaida hudai madaraja ya chini kidogo. Kisha hungoja. Katika miezi ya kungoja hujifunza majina ya mitaa ya mji ule, huulizia chumba cha kupanga, na shangazi na wajomba huambiwa habari njema. Nafasi ambayo bado ina masharti huanza kuzungumzwa kama nafasi iliyokwisha kupatikana.

Huenda msomaji akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Ndugu zetu wengi wanalea watoto wao Uingereza. Na hapa Afrika Mashariki, katika Nairobi, Dar es Salaam, Arusha na Kampala, zipo shule zinazofuata mitaala ya Uingereza, na baadhi ya vijana wake huomba vyuo kwa njia ile ile. Tofauti na utaratibu wetu ni kubwa. Mtoto wa kidato cha sita nchini Tanzania, na yule anayefanya mtihani wa KCSE nchini Kenya, kwa kawaida hupangiwa chuo baada ya matokeo kujulikana. Akikosa kozi aliyoipenda huumia, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba kiti kile kina jina lake. Yule wa Uingereza aliambiwa. Ndiyo maana uchungu wake una ladha ya kunyang'anywa, ingawa kwa kweli hakuna aliyemnyang'anya.

Na kwa kijana anayetoka nje ya nchi ile, jambo ni zito zaidi. Kwa kawaida chuo hakimpi hati ya uthibitisho anayoihitaji kwa ajili ya kuomba viza mpaka masharti yatimie. Masomo huanza Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Pengine familia imekwisha uza kipande cha shamba, au ukoo mzima umechanga. Katika hali hiyo, herufi moja kwenye karatasi huonekana kama imebeba jasho la watu ishirini. Nani asiyeelewa kwa nini kijana wa namna hiyo hushindwa kufungua mdomo?

Basi tujiulize kwa utulivu: hiyo herufi moja inatuambia nini hasa juu ya mtoto?

Inatuambia jambo fulani, lakini dogo kuliko tunavyodhani. Mipaka ya madaraja hupangwa na bodi za mitihani kila mwaka, baada ya karatasi kusahihishwa. Kati ya A na B kuna alama moja. Aliye upande huu wa mpaka na aliye upande ule wanaweza kuwa wamejua mambo yale yale, ila mmoja alilielewa swali la nne vizuri zaidi asubuhi ile. Tena usahihishaji wenyewe ni kazi ya wanadamu. Mwaka 2018 Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani katika England, ilichapisha uchunguzi wake juu ya jambo hili. Ilipima uwezekano wa mtahiniwa kupata daraja lile lile ambalo angepewa na msahihishaji mkuu. Katika hisabati uwezekano huo ulikuwa karibu asilimia 96. Katika somo linalounganisha lugha na fasihi ya Kiingereza ulikuwa karibu asilimia 52. Mnamo Septemba 2020, Glenys Stacey, aliyekuwa akiiongoza mamlaka hiyo kwa muda, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba madaraja ni ya kutegemewa kwa kadiri ya daraja moja juu au chini. Ikiwa mwenye mizani anakiri kwamba mizani yake ina kosa la daraja moja, mzazi anapata wapi uhakika wa kumhukumu mwanawe kwa daraja hilo hilo moja?

Hata makadirio ya walimu, ambayo ndiyo yaliyomfanya kijana apewe nafasi ile, si nguzo imara. Mwaka 2016 mtafiti Gill Wyness wa University College London alionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata madaraja sawasawa na walivyokadiriwa, kwa kuhesabu masomo yao matatu bora. Wengi sana walikuwa wamekadiriwa juu kuliko walivyopata. Maana yake ni kwamba kutofikia makadirio ni jambo la kawaida kabisa. Anayeyafikia barabara ndiye wa pekee. Lakini kila nyumba hudhani kwamba aibu hii imebisha hodi kwake tu.

Tukumbuke pia yaliyotokea mwaka 2020. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na madaraja yakatolewa kwa kutumia fomula ya takwimu. Matokeo yalipotangazwa Alhamisi tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya madaraja ya A-Level katika England yalikuwa chini ya yale yaliyopendekezwa na walimu. Vijana waliandamana. Jumatatu tarehe 17 Agosti serikali iliiacha fomula hiyo na kuyakubali mapendekezo ya walimu. Fikirini jambo hilo: kijana yule yule, mwenye akili zile zile, siku ya Alhamisi alikuwa amekosa nafasi yake, na siku ya Jumatatu alikuwa ametimiza masharti. Wazazi waliomtukana Ijumaa walimwambia nini Jumanne?

Ndugu zangu, simaanishi kwamba madaraja hayana maana. Vyuo vina viti vichache, na lazima iwepo njia ya kuchagua. Aliyeleta A, A na B kama alivyoagizwa anastahili kiti chake, na si haki kumpuuza ili kumliwaza mwenzake. Mgonjwa naye anayo haki ya kutarajia kwamba daktari wake alipimwa kabla ya kukabidhiwa kisu. Kipimo ni cha lazima. Ila kipimo cha kuchagulia watu kiti kisigeuzwe kuwa kipimo cha thamani yao. Mtoto alikuwa zawadi ya Mungu nyumbani mwenu miaka 18 kabla ya kuwa mtahiniwa, na ataendelea kuwa hivyo baada ya vyeti vyote kupauka ukutani.

Kwa hiyo nina neno kwa wazazi. Saa za kwanza baada ya matokeo ni saa za thamani kubwa, kwa sababu mbili. Moyo wa kijana uko wazi kama jeraha bichi, na wakati huo huo ipo kazi ya kufanywa ambayo haingoji. Mzazi anayetumia saa hizo kufoka anapoteza yote mawili.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, kijana atazame ukurasa wake wa UCAS kabla ya kukata tamaa. Vyuo hupokea matokeo siku chache kabla ya watahiniwa, na mara nyingine huamua kumpokea mtu aliyekosa daraja moja. Wapo wanaolia asubuhi nzima ilhali jina lao limekwisha thibitishwa. Pili, ikiwa ukurasa hauonyeshi uamuzi wowote, apige simu ofisi ya udahili. Apige mwenyewe, chuo hutaka kumsikia mwombaji, na sauti ya mama haiwezi kuchukua nafasi ya sauti yake. Aeleze kwa ufupi na kwa adabu, aulize kama anaweza kufikiriwa, au kama ipo kozi nyingine ya jirani au mwaka wa maandalizi. Wala asiharakishe kuiachia nafasi yake kwa hasira kabla ya kupata jibu, kwa maana akiiachia kwa hiari yake si rahisi kuirudia.

Tatu, kama nafasi ya kwanza imekwenda, itazamwe ile ya akiba. Iliitwa akiba ili itumike siku kama hii. Si mabaki wala si adhabu. Nne, upo utaratibu uitwao Clearing, ambao kwa huo vyuo hutoa nafasi zilizobaki. Hufunguliwa Julai na huendelea hadi Oktoba, lakini nafasi za kozi zinazotafutwa sana huondoka upesi, wakati mwingine ndani ya saa chache. Tano, ikiwa alama zilizopungua ni chache mno, shule inaweza kuomba mapitio ya usahihishaji kutoka bodi ya mitihani. Kwa wenye nafasi za vyuo yapo mapitio ya haraka, na muda wa kuyaomba ni mfupi, takribani juma moja. Chuo nacho kiarifiwe mara moja kwamba mapitio yameombwa, kwa kuwa ipo tarehe ya mwisho ya kutimiza masharti. Ijulikane wazi kwamba alama hubadilishwa pale tu panapokutwa kosa la usahihishaji, na kwamba zinaweza kushuka kama zinavyoweza kupanda.

Sita, kijana anaweza kurudia somo lile. Kwa mitihani ya England atangoja hadi Mei na Juni za mwaka unaofuata. Wanaofanya mitihani ya kimataifa ya Cambridge wana msimu mwingine wa Oktoba na Novemba. Mwaka mmoja si milele. Lakini uamuzi huu usifanywe siku ya machozi, wala usifanywe na baba peke yake. Kuna kozi zisizowapokea kwa urahisi waliorudia, na kuna vijana ambao kwao mwaka wa kurudia ni mzigo usio na faida. Waulize chuo, waulize walimu, kisha muulizeni mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa nirudi kwenye maneno.

Yapo maneno matatu ambayo ningeomba yasitamkwe siku ile. La kwanza ni la kulinganisha: mbona binamu yako alipata? Binamu hakufanya mtihani kwa ajili ya kumwaibisha ndugu yake, na kwa neno hilo mnawapanda chuki watoto wawili kwa pamoja. La pili ni la hesabu: unajua tumelipa kiasi gani? Anajua. Kwa kawaida ndilo jambo la kwanza alilolifikiria alipoiona herufi ile. La tatu huonekana la faraja lakini halifariji: usijali, fulani naye alifeli, leo ni tajiri. Hadithi za watu mashuhuri waliofeli ni nyingi, na hazimsaidii aliyekosa leo, kwa sababu anajua kwamba kwa kila mmoja anayesimuliwa wapo wengi wasiosimuliwa. Zaidi ya hayo, humwambia kwamba atakuwa na thamani endapo tu naye atakuwa mashuhuri. Afadhali kunyamaza naye, kumpikia chai, na kumwuliza: tunaanza na simu ipi?

Atasema mtu: Padre, ukimbembeleza mtoto unamlegeza, sisi tulichapwa na tukawa watu. Nalisikia hilo mara nyingi, nami naliheshimu, kwa kuwa hutoka kwa wazazi waliojinyima sana. Lakini tutofautishe kuwajibishwa na kuaibishwa. Kuwajibishwa ni kuketi naye majuma mawili baadaye, mioyo ikiwa imetulia, na kuuliza: ni wapi pamepungua? Je, ni saa za kusoma, ni simu ya mkononi usiku, ni ugonjwa, ni somo lenyewe? Hapo kijana hujifunza. Kuaibishwa ni kumsimamisha mbele ya wageni na kumtaja kama hasara. Hapo anachojifunza ni kuficha tu. Na kijana aliyejifunza kuficha ataficha na makubwa zaidi: atasema amepokelewa wakati hakupokelewa, ataondoka nyumbani na begi kwenda asikokujua mtu. Uongo wa namna hiyo huanzia katika nyumba ambamo ukweli ulipigwa mara ya kwanza ulipojitokeza.

Na wako wanaofika mbali zaidi katika giza. Mzazi akiona mtoto amejifungia, hali, halali, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, asiyachukulie kama deko. Asimwache peke yake. Amtafutie daktari au mshauri. Nchini Uingereza shirika la Samaritans hupokea simu saa 24 kwa namba 116 123, bila malipo. Hakuna cheti chenye thamani ya uhai mmoja.

Tuwe wakweli pia katika jambo jingine. Mara nyingine daraja lililokosekana huwa limesema kweli fulani. Kijana aliyesukumwa kwenye udaktari kwa sababu ukoo ulitaka daktari, akakosa kemia kwa daraja moja, huenda leo anapumua kwa mara ya kwanza. Mwulizeni, bila kumtega: ungependa kujaribu tena, au ulikuwa ukisomea ndoto yetu? Jibu lake linaweza kuwaumiza, lakini litawaepusha na miaka mitano ya kumlipia mtu kuishi maisha ya mwingine. Na akisema kwamba ndoto ni yake, nanyi mkauona moto machoni pake, basi mwaka wa kurudia hautapotea.

Neno la mwisho ni letu sisi sote tunaowazunguka: majirani, wajomba, wasimamizi wa ubatizo, wanajumuiya. Kila mwezi wa Agosti kijana wa namna hii atapita mbele yetu. Kabla hajaketi tutamwuliza amepata ngapi na anakwenda chuo gani. Tumwache aseme anapotaka kusema. Na tupunguze haraka ya kutangaza: nafasi yenye masharti ipokelewe kwa shukrani na kwa sauti ya chini, mpaka masharti yatimie. Sherehe ya mapema ni deni analobebeshwa mtoto, naye hulilipa peke yake siku mambo yakigeuka. Nao waliofanikiwa wakumbuke jinsi mpaka ule ulivyo mwembamba, wakampigie simu mwenzao jioni ile ile, maana sauti ya rafiki huingia mahali ambapo sauti ya mzazi haifiki.

Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka, na kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hukaa kidogo, hutazama, kisha hutafuta koleo jingine wakati chuma bado kina moto. Tuwasaidie watoto wetu watafute koleo jingine, tena mapema, moto ungalipo.

Nawatakia nyote juma jema na lenye amani, hasa nyumba zile ambazo juma hili zinangoja matokeo.